Gitaa Nalo Limekwisha Kupewa Jembe

Ndugu mwanafunzi,

Leo sitakufundisha ngeli wala mnyambuliko wa vitenzi. Nataka tujadiliane, na ikibidi tugombane, juu ya neno moja ulilolisikia tangu utotoni ukalipokea bila kuuliza: neno "asili". Tunasema nyimbo za asili, ngoma za asili, ala za asili. Kila mwaka, katika matamasha ya shule hapa kwetu Uganda, neno hilo huandikwa kichwani mwa karatasi ya mwamuzi, na chini yake hupangwa alama. Nadai kwamba, kwa jinsi linavyotumiwa katika karatasi ile, neno hilo linatupotosha. Na upotoshaji wake hauishii jukwaani. Unatufuata hadi nyumbani, sokoni na mbele ya sheria.

Nianze na kisa kilichonipata. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu katika tamasha. Shule yetu iko katika mji wa mpakani, na wimbo waliouchagua waliujua kwa mama zao, wanawake wanaochambua maharagwe na kupepeta mahindi ghalani kabla magunia hayajavushwa mpaka. Ni wimbo wa kupokezana: mmoja huanza, wengine huitikia, na ungo ndio unaoshika mapigo. Lugha yake ni Kiswahili, kwa kuwa ghalani humo huketi Msamia, Mteso, Mganda, Mluhya na Mnubi, na hakuna lugha nyingine inayowatosha wote. Nani aliyeutunga, hakuna akumbukaye. Kila msimu beti zake hubadilika: bei ikianguka, bei huimbwa, tajiri akichelewesha ujira, naye huimbwa. Wanafunzi wangu waliongeza kitu kimoja tu, gitaa waliloliunda kwa debe la mafuta ya kupikia na nyaya za breki za baiskeli.

Tukapewa alama za chini. Mwamuzi, mtu mpole na msomi, alitueleza sababu zake mbele ya wote. Gitaa si ala ya asili. Kiswahili si lugha ya kabila lolote la Uganda. Na wimbo wa ghalani, alisema, ni wimbo wa juzi tu, hauna ukale. Shule iliyoshinda ilikuwa imeajiri mkufunzi aliyewakaririsha wimbo wa kabila ambalo lugha yake hakuna hata mmoja wao aliyeifahamu. Waliimba vizuri, siwalaumu hata kidogo. Lakini tulipokuwa ndani ya basi tukirudi, binti mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama wimbo wa mama si wa asili, mama mwenyewe ni wa asili?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa. Tuzipime sababu za mwamuzi moja baada ya nyingine, kwa haki, kama unavyopaswa kuipima hoja yoyote kabla ya kuikataa.

Tuanze na ala. Gitaa lilikataliwa kwa kuwa lilitoka nje. Haya, tuitazame ala iliyopigiwa makofi jioni ile ile: akadongo, kile kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Jina lake kamili kwa Kiganda ni akadongo k'Abaluru, yaani kinanda kidogo cha Waaluru. Jina lenyewe linakiri kwamba kilitoka kwa jirani. Na hao Waaluru wa kaskazini magharibi nao walikipokea kutoka upande wa Kongo, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, kikiwa mikononi mwa wapagazi na vibarua waliokipiga ili kuusahau uchovu wa safari. Safari yake haina tofauti kubwa na safari ya gitaa.

Tazama tena endingidi, zeze la uzi mmoja ambalo leo huonyeshwa kama sura ya Buganda yenyewe. Watafiti wa ala za Uganda wameeleza kwamba zeze hilo lilianza kuenea Buganda mwanzoni mwa karne ya 20. Tazama na adungu, kinubi cha Waaluru, ambacho siku hizi kimeingia karibu kila shule yenye kikundi cha muziki. Sasa huundwa kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia kidogo cha kupakata hadi kikubwa cha sauti nzito, na nyuzi zake hukazwa kwa kufuata ngazi ya sauti ya Kizungu ili ziweze kuandamana na nyimbo za kanisani. Hakuna mwamuzi aliyewahi kuyakata adungu alama kwa sababu hiyo, wala simwombi afanye hivyo. Namwomba tu aseme kweli: ala hizi hazikukubaliwa kwa kuwa ni za kale. Zilikubaliwa kwa kuwa watu wamezizoea. Na gitaa halikuja nyuma yao kwa muda mrefu, maana kati ya vita viwili vikuu vya dunia lilikuwa tayari mikononi mwa vijana wa migodi ya Katanga na wa miji ya Afrika Mashariki.

Hapa tulirudie somo letu la lugha, kwa sababu Kiswahili kina jibu ambalo karatasi ya mwamuzi haina. Tuna maneno kadhaa ya kuutajia muziki huu: asili, jadi, mila, kienyeji. Asili, jadi na mila yote matatu yametoka katika Kiarabu. Ajabu iliyoje! Tunamfukuza mgeni kwa neno ambalo nalo lilikuja na jahazi. Ni kienyeji pekee lenye shina la Kibantu, na kiini chake ni -enye, kile kile kilichomo katika mwenye nyumba na mwenye shamba. Mwenyeji, katika Kiswahili, si lazima awe mtu ambaye babu zake walitokeza ardhini mahali hapo. Mwenyeji ni yule anayeijua njia ya kisimani, anayeweza kumkaribisha mwingine na kumwonyesha pa kulala. Ndiyo maana wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu mfukuze, wala hawakusema mkague ukoo wake. Walisema mpe jembe. Akilima pamoja nasi, ugeni wake umekwisha.

Ukiuliza muziki wa kienyeji ni upi, basi, usiulize ulitoka wapi. Uliza kama umekwisha kushika jembe.

Sababu ya pili ilikuwa ukale. Watu wengi huamini kwamba wimbo wa kienyeji ni ule usiojulikana mtunzi na uliodumu bila kubadilika tangu enzi za mababu. Lakini hata wataalamu walioianzisha taaluma hii hawakusema hivyo. Mwaka 1907 Mwingereza Cecil Sharp, aliyekuwa akikusanya nyimbo za wakulima wa kwao, aliandika kwamba wimbo wa aina hii huumbwa na mambo matatu: mwendelezo unaouunganisha leo na jana, mabadiliko yanayoingizwa na kila mwimbaji, na uteuzi wa jamii inayoamua lipi libaki na lipi liachwe. Baraza la kimataifa la muziki wa kienyeji, lililoundwa London mwaka 1947, lilikutana São Paulo mwaka 1954 likayafanya mambo hayo matatu kuwa msingi wa fasili yake. Tena likaongeza jambo ambalo waamuzi wetu wangefaa kulikariri: hata wimbo uliotungwa na mtu mmoja anayejulikana waweza kuwa wa kienyeji, mradi umemezwa na jamii ukaendelea kuishi midomoni mwao. Usiohesabiwa ni ule uliochukuliwa ukiwa tayari ukabaki vile vile bila kuguswa.

Soma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, kisha urudi pamoja nami jukwaani. Ni wimbo upi uliochukuliwa ukiwa tayari ukabaki bila kuguswa? Ni ule wa wanafunzi waliokaririshwa silabi wasizozijua, wakionywa wasibadili hata pumzi. Ni wimbo upi unaoendelea, unaobadilika, unaoteuliwa? Ni ule wa ghalani. Kwa kipimo cha wataalamu wenyewe, matokeo ya siku ile yaligeuzwa juu chini.

Usidhani natetea wimbo wa mama mmoja wa mpakani tu. Historia ya muziki wa Kiswahili imejaa wageni waliopewa jembe. Taarabu iliingia Unguja kama muziki wa jumba la Sultani, katika zama za Sayyid Barghash, ukiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika familia ya watu wa hali ya chini, akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alirekodi sahani zake Bombay, na sauti yake ikasikika katika pwani nzima. Ala zilikuwa za ugenini, mahadhi yalikuwa na harufu ya Misri na ya Bara Hindi, lakini yaliyosemwa yalikuwa ya mtaani Ng'ambo: dhuluma, mapenzi, kesi, njaa. Nani leo atasimama Unguja aseme kwamba taarabu si ya wenyeji?

Au mfuate Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta kijana huyo katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Mwenda alipiga gitaa kwa namna iliyowashangaza hata wapigaji wa Ulaya, na aliimba sana kwa Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake "Masanga" ulisafiri kwa sahani na redio, na mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye mwenyewe alifika Nairobi. Vijana wasio na mwalimu wala noti za muziki walimsikiliza, wakajaribu, wakakosea, na katika kukosea kwao wakazua mitindo yao. Mwendelezo, mabadiliko, uteuzi. Tofauti ni kwamba babu waliyejifunza kwake alikuwa ndani ya santuri.

Sasa nimsikilize anayenipinga, kwa maana hoja yake ina uzito. Atasema: "Mwalimu, ukifungua mlango hivi, gitaa litaimeza kila kitu. Nani atajifunza bigwala?" Bigwala ni matarumbeta ya vibuyu ya Wasoga, yaliyopigwa katika shughuli za ufalme wao. Serikali ilipoufuta ufalme pamoja na falme nyingine katika miaka ya 1966 na 1967, muziki huo ulikosa pa kupigwa. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wakati ambapo waliobaki wakiujua vizuri walikuwa wazee wachache tu. Jambo hilo ni kweli, na ni msiba.

Lakini tazama ni nini kilichoiua bigwala. Haikuuawa na gitaa. Iliuawa na amri ya serikali iliyoivunja jamii iliyokuwa ikiihitaji. Na tiba yake haikuwa kuifungia katika kabati la kioo, bali kupanda vibuyu upya na kuwafundisha vijana kupiga, ili watu waikute tena katika shughuli zao. Anayetaka kuuhifadhi muziki nitamuunga mkono kwa mikono miwili. Ninayempinga ni yule anayedhani kwamba ili kuuhifadhi muziki mmoja ni lazima aukane mwingine ulio hai.

Huenda ukasema kwamba nayakuza mambo. Alama za tamasha si kitu. Basi tazama kwa majirani zetu Burundi, uone mhuri wa "asili" unapokuwa mikononi mwa wenye nguvu. Katika Kirundi, kama katika Kinyarwanda, neno ingoma lina maana ya chombo kinachopigwa na pia ya utawala wenyewe. Ngoma za Burundi zilikuwa za mfalme. Zilisikika katika kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme na katika umuganuro, sherehe ya mtama. Ufalme ulifutwa mwaka 1966. Ngoma hazikufa: zilitoka uani kwa mfalme zikapanda majukwaa ya dunia, zikapigwa mbele ya watu walionunua tiketi, na mwaka 2014 UNESCO ikaziandika katika orodha ya urithi wa binadamu. Kila kitu kilikuwa kimebadilika: mahali, hadhira, sababu ya kupiga. Wanawake nao walikuwa wameanza kuunda vikundi vyao. Ndipo mwaka 2017 ikatoka amri ya rais iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hizo, na kuvitaka vikundi vijiandikishe wizarani na kulipa ada ili kutumbuiza katika sherehe za watu binafsi. Sababu iliyotolewa ni kulinda mila. Jiulize, ndugu mwanafunzi: mila iliyokwisha kuvumilia kuuzwa kwa tiketi ughaibuni, je, ilishindwa kuvumilia mikono ya mwanamke? Hapo asili haikuwa kumbukumbu ya jana. Ilikuwa kufuli la leo.

Nirudi kwetu, katika sababu ya tatu, iliyomuumiza zaidi yule binti: Kiswahili si lugha ya kabila lolote la Uganda. Ibara ya 10 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda, ambaye mzazi wake, au babu au bibi yake, ni au alikuwa wa mojawapo ya jamii za wenyeji zilizokuwapo na kuishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Ukilisoma jedwali hilo utawakuta Wanubi, ambao mababu zao waliletwa na uaskari kutoka Sudan mwishoni mwa karne ya 19, na ambao ngoma yao ya doluka bado huchezwa harusini. Kwa hiyo hata sheria, pamoja na ukali wake wa kuweka tarehe, haikuuliza mababu walitoka wapi. Iliuliza walikuwa wakiishi wapi. Hata hivyo orodha ni orodha: mwaka 2005 ilibidi iongezwe jamii nyingine, na wapo ambao mpaka leo wanadai majina yao yaandikwe. Unapoona jinsi jambo hilo linavyowatesa watu wanapotafuta kitambulisho, utaelewa kwa nini sipendi kuona orodha nyingine, isiyoandikwa, ikitungwa jukwaani mbele ya watoto.

Na kuhusu Kiswahili chenyewe, Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wewe unayesoma maneno haya huenda ni tunda la uamuzi huo. Ni mantiki gani, basi, kumlazimisha mtoto ajifunze lugha darasani asubuhi, kisha kumkata alama jioni kwa kuiimba? Lugha isiyoruhusiwa kuimba haitapendwa kamwe. Itabaki kuwa ya mtihani na ya kituo cha polisi, sura mbaya ambayo Kiswahili kimeibeba nchini mwetu kwa muda mrefu mno.

Sisemi kwamba kila wimbo ni wa kienyeji. Wimbo uliotoka studio wiki iliyopita, unaopigwa na kila kipaza sauti lakini haujaguswa na mtu, bado uko katika siku yake ya kwanza ya ugeni. Tusubiri tuone kama atatokea bibi wa kuuimba akisonga ugali na kuubadili maneno. Wala wimbo wa mababu unaoimbwa kwa kukaririwa hauna dhambi; waweza kuwa kumbukumbu nzuri, nasi twahitaji kumbukumbu. Ninachosema ni kimoja: muziki ni wa wenyeji pale wenyeji wanapokuwa na ruhusa ya kuubadilisha. Anayewanyang'anya ruhusa hiyo, hata kama amevaa magome ya miti na manyoya, amewanyang'anya muziki wenyewe.

Kwa hiyo nakupa kazi, wala haina alama. Jioni ya leo msikilize mtu wa nyumbani kwako anayeimba akifanya kazi. Usimwambie aache, usimrekodi kwanza. Muulize wimbo huo aliupata kwa nani, na tangu aupate amebadilisha nini. Andika majibu yake kwa Kiswahili, kurasa mbili zatosha, uyalete darasani. Yule binti wa ndani ya basi alifanya hivyo kabla sijamwagiza. Aliniletea beti tatu ambazo nilikuwa sijawahi kuzisikia. Ya mwisho ilikuwa inamhusu mwamuzi.